HABARI ZIWAFIKIE POPOTE WALIPO: Uhakiki wa Tangazo la Kifo, Kutoka Redioni Hadi Simu ya Mkononi

1. Utangulizi

Wale waliokuwa na umri wa kusikiliza redio katika miaka ya 1970 na 1980 wanaukumbuka utulivu ulioingia nyumbani pale matangazo ya vifo yalipoanza kusomwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Watoto walinyamazishwa. Aliyekuwa akitwanga aliacha mchi. Hakuna aliyejua jina litakalotajwa, na kwa sababu hiyo kila mmoja alisikiliza kana kwamba jina hilo lingekuwa la nduguye.

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na tenzi; wanateolojia nao huhakiki mahubiri na liturgia. Tangazo la kifo limeachwa nje ya milango yote miwili. Halina mtunzi anayejulikana, wala halikukusudiwa kupendeza. Hata hivyo, ni vigumu kutaja maneno mengine ya Kiswahili yaliyosikilizwa na watu wengi kiasi kile kwa mioyo iliyofunguka kiasi kile. Makala hii inakusudia kulitazama tangazo hilo kama kazi ya lugha yenye umbo lake, kisha kulilinganisha na ujumbe wa simu ya mkononi ambao umechukua nafasi yake. Mifano yetu tunaitoa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, katika njia iendayo Mgeta.

Husemwa kwa kawaida kwamba badiliko hili ni la kutoka polepole kwenda haraka. Sisi tunaona kwamba kasi si kiini cha jambo. Kiini ni jirani.

2. Umbo la tangazo

Tangazo la redio lilikuwa na sehemu nne zisizobadilika. Kwanza alitajwa mfiwa: Bwana au Bibi fulani, wa mahali fulani, anasikitika kutangaza kifo. Pili alitajwa marehemu na udugu wake na mfiwa. Tatu vilitajwa siku na mahali pa mazishi. Mwisho yalifuata maneno ambayo kila Mtanzania wa umri huo anayajua kwa moyo: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, kisha majina na makazi yao, popote walipo.

Tuanze na mpangilio. Mfiwa alitangulia marehemu. Kifo kilitangazwa kama jambo lililompata mtu aliye hai, ambaye sasa anasimama mbele ya taifa na kusema kwamba ana huzuni. Kisha tuitazame orodha ya mwisho. Ilikuwa ramani ya ukoo iliyotandazwa juu ya ramani ya nchi: mmoja yuko Mtibwa kwenye miwa, mwingine Kidatu, mwingine mashamba ya mkonge, mwingine Dar es Salaam. Kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa upande wa mama, mjomba ana neno kubwa katika msiba. Orodha iliyomsahau ingeweza kuleta manung'uniko ya miaka. Mahali nako kulihitaji uangalifu. Iko Mlali ya Morogoro na iko Mlali ya Kongwa, mkoani Dodoma. Asiyepambanua angewatia watu kilio kisicho chao.

Lakini uzito wote wa tangazo uko katika kitenzi kimoja. Halikusema kwamba habari zimewafikia, wala kwamba zitawafikia. Lilisema ziwafikie. Hiyo ni namna ya kitenzi tunayoitumia katika maombi. Mfiwa alikiri kwamba hana uwezo wa kumfikia nduguye, akayaachilia maneno yaende, akitumaini kwamba yatapata mwenye kuyapokea. Na neno "popote" lilikiri zaidi: kwamba wapo ndugu ambao hatujui waliko, na bado tunawahesabu kuwa wetu.

3. Jirani kama mjumbe

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoikumbuka redio. Hudhani kwamba ilimfikishia mfiwa wa mbali habari moja kwa moja. Mara nyingi haikuwa hivyo. Redio hazikuwa katika kila nyumba, na betri zilipokwisha nguvu zilianikwa juani ili zijikongoje siku mbili tatu zaidi. Aliyetajwa katika tangazo huenda alikuwa shambani mlimani, au hakuwa na redio kabisa. Aliyesikia alikuwa mtu mwingine: mwenye duka, mwalimu, mpita njia aliyesimama kwenye baraza ya wenyewe. Huyo ndiye aliyejua kwamba mtu wa jina lile anaishi bondeni kule. Akainuka, akaenda.

Kwa hiyo tangazo lilisafiri kwa vyombo viwili: mawimbi ya redio hadi kijijini, na miguu ya jirani hadi mlangoni. Jirani hakuwa msikilizaji wa pembeni. Bila yeye tangazo lisingekamilika. Naye alipofika hakuanza na habari. Alibisha hodi, akasalimu, akaomba mtu akae kitako. Mara nyingi uso wake ulikwisha kusema kabla ya kinywa. Habari ya kifo ilipopokewa, tayari kulikuwa na mtu wa kwanza wa kukaa na mfiwa.

Mwaka 1984 watu wa Morogoro walionja jambo hili kwa namna ya pekee. Tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, katika eneo ambalo leo liko ndani ya Wilaya ya Mvomero, wilaya ile ile ya Mlali. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio. Kifo kilitokea karibu, lakini habari ilikwenda Dar es Salaam kwanza ndipo ikarudi. Mkuu wa nchi siku ile alifanya kazi ile ile ya jirani: alikuja na habari iliyo nzito.

4. Kasoro za zama zile

Haitakuwa haki kuyasifu yaliyopita bila kuyapima. Tangazo lilihitaji mtu wa kulipeleka na fedha za kulilipia. Maskini wengi walizikwa bila jina lao kusomwa popote. Mara nyingi habari ilifika baada ya maziko. Waislamu, ambao ni wengi katika vijiji vya Uluguru, huzika mapema. Kwao ndugu wa mbali alisikia ili afike kwenye hitima, si kaburini. Wakristo nao walilia kwa kukuta udongo umekwisha kukauka. Mzazi aliyeishi miaka kumi na swali la mwisho ambalo hakumuuliza mwanawe hatamwelewa mtu anayeitamani redio ya zamani.

Tena, si simu iliyoanza kuivunja hadhira ile. Tangu mwaka 1965 Radio Tanzania ilikuwa sauti moja kwa nchi nzima ya bara. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na kuanzia mwaka 1994 wasikilizaji walianza kugawanyika. Mwaka huo huo simu za mkononi zilianza kutumika nchini, kwanza kwa wachache wenye uwezo. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alilitangazia taifa kwa redio na televisheni. Walio wengi bado waliisikia habari pamoja, wakiwa wamezunguka chombo kimoja. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa iliingia Tanzania, na simu ikawa si ya kupashana habari tu bali pia ya kutuma rambirambi.

5. Umbo la ujumbe mpya

Tuuchunguze sasa ujumbe wa kifo kama unavyoonekana leo katika kundi la WhatsApp la ukoo au la usharika. Una picha ya marehemu, maneno machache, ratiba ya mazishi, na namba ya simu ya kupokelea michango. Chini yake hufuata majibu ya pole, mengi yakiwa yale yale, yaliyonakiliwa. Baada ya saa chache huanza orodha: jina, kiasi, jina, kiasi, jina, "ahadi".

Orodha haikutoweka, bali imebadilisha maana yake. Ile ya redio iliwataja watu kwa sababu ni wa marehemu. Hii huwataja kwa sababu wametoa. Asiyetoa hayumo, na kutokuwamo kwake huonekana na wote. Pale palipokuwa na ramani ya ukoo sasa pana daftari la hesabu. Hatusemi kwamba mchango ni mbaya. Kijana anayefanya kazi Dubai au Mwanza anaweza leo kulipia jeneza la babu yake kabla jua halijatua, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Tunasema kwamba umbo la ujumbe hufundisha, na umbo hili humfundisha msomaji kwamba akishatuma amekwisha kufika.

Badiliko la pili limo katika kitenzi. Ujumbe wa leo hauhitaji kusema ziwafikie. Alama mbili za buluu huthibitisha kwamba zimefika na zimesomwa. Sala imekuwa risiti. Na palipo na risiti, kimya huwa kosa: aliyesoma asijibu amehukumiwa, hata kama amenyamaza kwa sababu machozi yamemzuia.

La tatu ni zito kuliko yote. Mzee mmoja aishiye mlimani juu ya Mlali alikosa mazishi ya dada yake aliyezikwa umbali wa mwendo wa nusu siku. Simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Majirani wanne walikwisha kuiona habari katika simu zao tangu asubuhi. Hakuna aliyemwendea, na si kwa ubaya: kila mmoja alidhani kwamba mzee, akiwa ndugu wa karibu, lazima amekwisha kupigiwa. Tulipomtembelea hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba zamani alikuwa hana redio, lakini hakuwahi kukosa habari ya kilio.

Katika neno hilo moja la mzee umo uhakiki wote tunaotaka kuufanya. Chombo kilichotufikia kila mmoja mfukoni mwake kimemwondolea jirani wajibu wa kuinuka.

Hata habari za taifa zimebadilika namna hiyo. Hayati Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwa televisheni usiku ule. Lakini kabla ya hapo uvumi ulikuwa umekwisha kupita katika simu. Wengi walilipokea tangazo kila mtu peke yake, wakiwa na mashaka kwanza na huzuni baadaye.

6. Mwanga wa Maandiko

Biblia inaujua ugumu wa kupeleka habari ya kifo. Katika 2 Samweli 18 wakimbiaji wawili wanamwendea Daudi. Ahimaasi ndiye mwepesi; anatangulia kufika, lakini akiwa mbele ya baba anashindwa kulitamka jina la Absalomu. Aliyeshinda mbio hakuweza kuibeba habari. Msimulizi anatuonya mapema kwamba kasi na ujumbe si kitu kimoja.

Rafiki wa Ayubu (2:11-13) walisikia habari wakiwa mbali, wakaja, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Walikosea walipoanza kunena. Katika kukaa hawakukosea. Katika Yohana 11 dada wa Lazaro walimpelekea Yesu ujumbe. Yeye aliyeweza kumponya mtumishi wa akida kwa neno tu, kutoka mbali (Mathayo 8), safari hii alikwenda kwa miguu mpaka Bethania, akalia. Na mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana (aya ya 12), akiwa na mengi ya kuandika, anakataa kuyamaliza kwa karatasi na wino kwa kuwa anatumaini kuja na kusema uso kwa uso. Hakudharau karatasi, maana aliitumia. Aliijua mipaka yake.

Sisi Walutheri tunafundisha kwamba imani huja kwa kusikia, na Luther alikitumia chombo kipya cha siku zake, yaani kiwanda cha kupiga chapa, bila woga. Lakini tunafundisha pia kwamba Bwana hujitoa kwa mkate na divai, vitu vinavyopokewa kwa mkono na kinywa. Dietrich Bonhoeffer, katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya maisha ya pamoja, alisisitiza kwamba kuwapo kwa ndugu Mkristo kimwili ni chemchemi ya furaha na nguvu. Mfiwa analijua hilo bila kusoma kitabu.

7. Hitimisho

Hatupendekezi mtu aitupe simu yake. Wala redio ya zamani haitarudi. Tunapendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, kila mtaa wa usharika uwe na mzee wa kanisa ambaye kazi yake ni kuwaendea kwa miguu wale wa karibu zaidi na marehemu, kabla ujumbe haujatumwa kwa wengi, ili mama asiisome habari ya mwanawe katika pole za watu. Pili, orodha za michango ziwekwe kwa mtunza hazina, zisianikwe mbele ya wote. Tatu, kila aonaye habari ya kifo katika simu yake ajiulize swali moja: ni nani karibu nami ambaye huenda hajaambiwa?

Swali la tatu halina gharama, na ndilo litakalomrudisha jirani kazini. Yule mzee wa mlimani bado hana uhakika wa chaji. Anayo nyumba yenye mlango, na njia ya kuufikia ni ile ile ya zamani.