Mstari mmoja, nukta tano: tusome upya utabiri wa barafu ya Kilimanjaro

Ukipanda Kilimanjaro leo, barafu utaikuta. Imebaki vipande, imekonda, lakini ipo. Nalisema hili mapema kwa sababu mojawapo ya makala za kisayansi zinazonukuliwa sana kuhusu mlima wetu ilisema barafu hiyo ingekuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020.

Makala hiyo ni ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake, na ilitoka kwenye jarida la Science Oktoba 2002. Mwaka 2000 timu yake ilipandisha mitambo ya kutobolea hadi kileleni na kutoa nguzo sita za barafu. Kila tabaka la nguzo hizo linabeba vumbi na kemia ya hewa ya zama zake, hivyo ukizisoma kutoka juu kwenda chini unakuwa unarudi nyuma kwenye historia. Moja ya matabaka ni la vumbi jingi, alama ya ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Hii ni kazi kubwa, na wala sina ugomvi nayo. Kuna wanaohoji umri wa tabaka la chini kabisa, linalokadiriwa kuwa na miaka 11,700, kwa sababu umri huo ulitegemea kulinganisha nguzo na rekodi ya pango la Soreq huko Israeli. Huo ni ubishi wa wataalamu na unaendelea kwa heshima zote.

Ugomvi wangu uko kwenye grafu ndogo ya eneo la barafu. Ndiyo iliyozunguka dunia nzima, nguzo sita zikasahaulika.

Grafu ina nukta tano. Mwaka 1912 barafu ilikuwa kilomita za mraba 12.1 hivi, kwa ramani ya Mjerumani Fritz Klute. Mwaka 1953 ilikuwa 6.7, mwaka 1976 ilikuwa 4.2, mwaka 1989 ilikuwa 3.3 na mwaka 2000 ilikuwa 2.6. Ukapigwa mstari mmoja ulionyooka kupita katikati ya nukta zote, ukaendelezwa mpaka ukagusa sifuri. Hapo ndipo 2015 hadi 2020 ilipopatikana.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu ya darasa la saba. Kati ya 1912 na 1953 mlima ulipoteza kilomita za mraba 5.4 kwa miaka 41, yaani kama 0.13 kila mwaka. Kati ya 1976 na 2000 ulipoteza 1.6 kwa miaka 24, yaani kama 0.07 kila mwaka. Kasi ya kupungua kwa eneo ilikuwa imeshuka karibu nusu! Ukipiga mstari kwa kutumia nukta tatu za mwisho tu, sifuri inaangukia karibu 2040. Data ni zilezile, na kilichobadilika ni rula tu. Mwaka 2013 Nicolas Cullen wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, na wenzake walipima upya ramani zote hizo. Wakasahihisha eneo la 1912 kuwa 11.4, wakaongeza kipimo cha 2011 kilichotoa 1.76, na wakafikia makadirio ya aina hiyo: sehemu kubwa itakuwa imekwisha kufikia 2040 hivi, na baada ya 2060 haitazamiwi kubaki kitu.

Kwa haki ya Thompson, sentensi yake ilikuwa na sharti: ikiwa hali ya karne iliyopita itaendelea vilevile. Lakini "ikiwa" ni neno dogo, na huanguka njiani habari inapotoka kwenye jarida kwenda gazetini. Mwaka 2006 filamu ya Al Gore, An Inconvenient Truth, iliwaambia watazamaji kwamba ndani ya muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro itakuwa historia. Muongo ukapita. Sasa kila anayetaka kudai kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uongo huleta picha ya Kibo yenye weupe juu na kuuliza, mbona ipo? Sisi tunaosoma mambo haya ndio tunaobaki kujibu, na jibu refu halishindi picha.

Sasa tazama kazi nyingine iliyoanza mwaka uleule wa 2000, ambayo haikupata filamu. Februari mwaka huo, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, na kwa zaidi ya miaka 15 kituo kikaendelea kurekodi jua, upepo, unyevu na kina cha theluji. Mwaka 2005 wenzao wa Innsbruck, Austria, akiwemo Thomas Mölg, wakaongeza kingine kwenye barafu ya Kersten. Ni kazi ya kurudi na kurudi, kuinua mlingoti ambao barafu imeuachia, kubadilisha betri.

Lakini ndiyo iliyotuambia jinsi barafu inavyokufa. Wastani wa joto kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo picha ya barafu iliyosahauliwa nje ya friji haifai hapa. Sehemu kubwa inaliwa na jua, na nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Kinachoamua ni theluji mpya: mvua zikiwa nzuri, uso unakuwa mweupe na kurudisha mwanga. Zikikosa, uso wa zamani wenye vumbi unameza jua. Zile kuta za barafu zilizosimama wima ndizo hazina bahati, maana theluji haikai ukutani. Georg Kaser na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba kisa hiki kilianza na ukame wa mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo maana karibu nusu ya barafu iliondoka kabla ya 1953. Tuelewane: hawakusema tabianchi haihusiki. Walisema katika mlima huu inapitia kwenye unyevu zaidi kuliko kwenye joto la hewa. Huwezi kuliona hilo kwa nukta tano za ramani, hata uzitazame vipi.

Kuna kosa moja zaidi, na hili linatuhusu sisi wa huku chini. Mara ngapi umesikia kwamba barafu ikiisha, Moshi, Hai na Rombo watakosa maji? Chukua kilomita za mraba 1.76 za Cullen na uziyeyushe kwa kina cha mita nzima kila mwaka, bila tone kupotea hewani. Unapata mita za ujazo milioni 1.76. Sasa chukua mkanda wa msitu, kilomita za mraba kama 1,000, uupe milimita 1,000 tu za mvua, wakati upande wa kusini hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Ni mita za ujazo bilioni moja. Barafu haifiki hata mbili kwa elfu.

Ndiyo maana kama ningeombwa kuchagua makala moja ya kufundishia darasani, ningechagua ya Andreas Hemp ya mwaka 2005 katika Global Change Biology. Hemp ametumia miongo kadhaa akihesabu mimea kwenye viwanja vya utafiti kuanzia mashambani hadi juu kabisa. Vitabu vinasema joto likipanda, msitu nao hupanda mlima. Yeye alikuta mpaka wa juu wa msitu umeshuka, kwa sababu ukame ulileta moto. Tangu 1976 zilikuwa zimepotea hekta kama 13,000, nyingi zikiwa za msitu wa juu wa Erica, ule wenye ndevu za kijani zinazoning'inia matawini na kukamua maji kutoka kwenye ukungu. Alionyesha kwamba hasara hiyo ya maji ya ukungu inaifunika kabisa ile ya barafu. Moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 uliunguza maeneo ya juu ya mlima huohuo, na nakumbuka habari nyingi ziliuliza kama watalii wako salama.

Ukipata muda, soma makala ya 2002 kwa ajili ya nguzo za barafu, ruka grafu, kisha uweke ya Hemp pembeni yake. Na mtu akikuletea mwaka mpya wa mwisho wa barafu, muulize mstari wake una nukta ngapi, na nani alikwenda kubadilisha betri.