Shehe, Sharifu na Seyyid

Mfasiri wa hati za pwani akutanapo na maneno shehe, sharifu, sheha na seyyid, mara nyingi huyageuza yote kuwa "mtu mkubwa" au "kiongozi wa dini", kisha akaendelea na kazi yake. Njia hiyo ni nyepesi lakini yaharibu maana. Maneno haya hayatofautiani kwa wingi wa heshima, bali kwa mahali heshima yenyewe itokako.

Mtu huzaliwa sharifu. Usharifu hausomewi, wala haumtoki mtu kwa ujinga wake, na binti wa sharifu ni sharifa tangu utotoni. Ushehe hutafutwa kwa kusoma. Katika Kiarabu asili ya neno ni mzee, lakini Kiswahili kimeiacha maana hiyo karibu yote: kijana aliyesoma ni shehe, na mkongwe asiyesoma ni mzee tu. Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa shehe wala hakuwa sharifu. Ahmad bin Sumeit (1861-1925), kadhi wa Unguja, alikuwa na yote mawili, ya nasaba na ya elimu. Na mwandishi amtajaye kwa moja tu amemtaja nusu.

Sheha ni mtego wa herufi. Kwa sauti lakaribia mno shehe, lakini huko Unguja ni neno la utawala. Masheha walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu, ambaye wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, na hata leo sheha ndiye msimamizi wa shehia. Yeye huteuliwa, hazaliwi nao usheha, wala hausomei chuoni. Mpiga chapa akikosea irabu moja amemhamisha mtu kutoka barazani hadi msikitini.

Lililo gumu kuliko yote ni seyyid. Kwa masharifu wa Kihadhrami ni dalili ya uzao wa Mtume, na ndivyo bin Sumeit alivyoitwa. Lakini watawala wa Unguja wa ukoo wa Busaidi nao waliitwa Seyyid, nao ni Waibadhi wa Oman wasiodai nasaba hiyo. Kwao neno lilikuwa na maana yake ya Kiarabu ya bwana, likawa cheo cha enzi. Basi amwitaye Barghash (aliyetawala 1870-1888) sharifu, kwa kuwa tu aliitwa Seyyid, amemvisha nasaba isiyo yake. Wazungu walikosea kwa upande mwingine. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, waliandika mara kwa mara kuwa ni Imamu wa Maskati, naye hakupata kuchaguliwa imamu kama ada ya Waibadhi itakavyo. Aliyechaguliwa ni babu yake, Ahmad bin Said. Kwa Mswahili wa kawaida, tena, imamu ni yule atanguliaye mbele katika sala, na hana enzi yoyote.

Yaweza kusemwa kwamba siku hizi vijana mitaani huitana "shehe" bila elimu wala kilemba. Ni kweli, na hilo lathibitisha tofauti badala ya kuivunja: heshima ya kutafutwa yaweza kukopeshwa kwa mzaha, lakini hakuna amwitaye mpita njia "sharifu" asipoujua ukoo wake.