Casse-Noisette: Ngoma ya Noeli na watoto waliolaumiwa

Mwezi wa desemba ukifika, katika miji mingi ya Amerika na ya Ulaya wazazi huwapeleka watoto wao katika teatri kutazama ngoma iitwayo Casse-Noisette, ndiyo kusema Kivunja-Kokwa. Ni baleti: wachezaji hawasemi neno hata moja, kisa chote huelezwa kwa miguu, kwa mikono na kwa muziki. Watu wa kule husema: hii ni mapokeo ya Noeli. Sasa, neno «mapokeo» si neno dogo masikioni mwa mtu wa seminari. Basi tuulize: kimepokelewa nini, tena kutoka mkono wa nani?

Kisa chenyewe aliandika Mjerumani, E.T.A. Hoffmann, mwaka 1816. Alexandre Dumas wa Ufaransa akakisimulia upya mwaka 1844. Usiku wa Noeli, mzee Drosselmeyer, baba wa ubatizo wa msichana mmoja, analeta sanamu ndogo ya mti yenye meno ya kuvunjia kokwa. Ina sura mbaya. Ndugu wa msichana anaivunja. Msichana anaifunga kitambaa na kuilaza katika kitanda kidogo. Usiku wa manane panya wanatoka, mti wa Noeli unakua mrefu ajabu, sanamu inasimama kupigana na Mfalme wa Panya. Msichana anamtupia huyo mfalme kiatu chake. Naye Kivunja-Kokwa anageuka mwana wa mfalme. Wanapita wote wawili katika theluji mpaka nchi ya bonboni.

Ngoma ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 18 desemba 1892 mjini Petersburg, katika teatri ya Mariinsky. Muziki ulitungwa na Tchaikovsky. Marius Petipa alipanga mchezo, akaugua, Lev Ivanov akaumaliza. Vipande vya muziki vilikuwa vimekwisha kusifiwa tangu mwezi wa machi mwaka ule ule, vilipopigwa pasipo ngoma. Lakini ngoma yenyewe ilitukanwa na wakosoaji wengi. Walisema: watoto ni wengi mno jukwaani, mchezaji mkubwa, Malkia wa Bonboni, anangojewa mpaka karibu na mwisho, sehemu ya pili haina kisa. Tchaikovsky akafa mwaka 1893, asione ngoma yake ikipendwa.

Je, wakosoaji wale walidanganyika? Hapa nitajibu kama tulivyozoezwa katika filosofia: distinguo. Juu ya sehemu ya pili walisema kweli, nami nasema pamoja nao. Yule msichana aliyelilia sanamu mbovu iliyovunjika (na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ngoma inapokaribia Noeli ya kweli) anaketishwa kitini kutazama vyakula vitamu vikicheza: chokoleti ya Spania, kahawa ya Arabia, chai ya China. Wimbo wa «Waarabu» si wa Waarabu hata kidogo, umetoka katika wimbo wa kubembeleza watoto wa nchi ya Georgia! Nao «Wachina» walizoezwa muda mrefu kurukaruka na kunyosha vidole juu ili watu wacheke. Sisi tuliochorwa namna hiyo hiyo katika vitabu vya wengine tunajua uchungu wake. Siku hizi makundi kadhaa yamegeuza kipande hicho, na wamefanya vema. Pango la Betlehemu halimo mahali popote. Silaumu, baleti si misa. Lakini atakayesema ni mapokeo ya Noeli, ajue kwamba Mtoto mwenyewe hatajwi.

Juu ya watoto, wakosoaji walikosa kabisa. Ngoma ilifika London mwaka 1934. Tarehe 24 desemba 1944 Willam Christensen aliionyesha nzima mjini San Francisco, mara ya kwanza katika Amerika. Halafu George Balanchine akaipanga upya New York, na siku yake ya kwanza ilikuwa 2 februari 1954: siku ya mishumaa, ambayo wazee wetu walihesabu kuwa mwisho wa siku za Noeli! Miaka ya 1957 na 1958 ilionyeshwa kwa televizioni, hata watu wasiojua teatri wakaiona. Balanchine aliweka mti wa karibu metri 12, lakini nguvu yake haikuwa mti. Alijaza jukwaa watoto wa shule yake ya ngoma: malaika, askari. Kila mtoto ana mama, shangazi, babu, nao wote watakuja. Padri yeyote aliyefundisha watoto mchezo wa Noeli anajua siri hiyo. Kanisa hujaa, hata wale tusiowaona tangu Pasaka. Makundi mengi ya Amerika sasa hulipa kazi ya mwaka mzima kwa feza nyingi ya desemba.

Lakini feza haitoshi kuitwa mapokeo. Narudi kwa swali langu la kwanza. Balanchine alizaliwa Petersburg mwaka 1904, akasoma katika shule ya ngoma ya mji ule, na katika ujana wake alicheza mwenyewe mwana wa mfalme katika Casse-Noisette. Mwanzoni mwa sehemu ya pili, mwana wa mfalme anamsimulia Malkia wa Bonboni, kwa mikono mitupu, namna panya walivyokuja na namna kiatu cha msichana kilivyomwokoa. Mwaka 1954 Balanchine alimpa mtoto wa New York ishara zile zile alizozikumbuka tangu utoto. Yeye alikufa mwaka 1983. Katika filamu ya ngoma yake, iliyofanywa mwaka 1993, nimezitazama mara tatu: mtoto mmoja, peke yake mbele ya wakubwa, anasimulia vita kwa vidole, wala hakosei hata kimoja.