Jinsi Elden Ring Ilivyoiachia Ardhi Kazi ya Kuelekeza

Mchezaji wa Elden Ring akitoka nje kwa mara ya kwanza na kuiona nchi ya Limgrave, kioo chake hakina mengi. Hakuna ramani ndogo pembeni, hakuna mshale, hakuna orodha ya kazi zinazomsubiri. Kuna mti mkubwa wa dhahabu uliolijaza anga, ngome ya Stormveil juu ya mwamba upande wa kaskazini, na mbele kidogo magofu ya kanisa. Kati yake na kanisa hilo anapita taratibu askari mwenye deraya ya dhahabu, juu ya farasi aliyevishwa dhahabu vilevile. Anayemkabili akiwa ndiyo kwanza ameanza hupigwa mara mbili tatu, akafa.

Askari yule hakuwekwa pale kwa bahati. Katika gemu hili nguvu za adui hazipandi wala kushuka kumfuata mchezaji: aliyepangiwa kuwa mgumu ni mgumu, ukimkuta leo au ukimkuta baada ya wiki. Kwa hiyo dakika za mwanzo kabisa zinamfundisha mchezaji jambo ambalo magemu mengi ya aina hii huliogopa, kwamba kumzunguka adui na kupita kichakani ni uamuzi halali, na kwamba kumrudia baadaye ni uamuzi bora zaidi.

Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya ulimwengu wake iliandikwa na George R. R. Martin. Mwaka huohuo ilitwaa tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards. Mazungumzo mengi kuihusu yamekuwa ya mabosi na ugumu wao. Mimi naamini kazi kubwa zaidi imo katika namna inavyomfanya mtu atafute njia, na ni kazi ya ufundi inayoweza kufunguliwa na kuonekana vipande vyake.

Tuanze na nuru. Baadhi ya vituo vya neema, pale mchezaji anapopumzika, hutoa uzi wa nuru unaoelekea upande fulani. Uzi huo hautaji umbali, hauchori njia, hausemi kuna nini huko. Kule Limgrave unaelekea Stormveil, na anayeufuata moja kwa moja anakutana na Margit, bosi mwenye fimbo ambaye mapigo yake huchelewa makusudi ili kumnasa mwenye papara. Wengi wamekwama hapo. Sasa tazama ramani: kusini, ambako hakuna uzi wowote unaoelekea, kuna rasi iitwayo Weeping Peninsula. Maadui wa huko ni wepesi kidogo, na ndani ya makanisa yake kuna machozi matakatifu yanayoongeza nguvu ya chupa ya kujitibu. Dawa ya Margit imewekwa nyuma ya mgongo wa anayekimbilia kwa Margit. Nuru inasema unakopaswa kufika. Haisemi uende sasa hivi, na katika nafasi hiyo ndogo kati ya maneno mawili ndimo uchunguzi wote wa nchi unamoingia. Hata ngome yenyewe si lazima, kwani kuna njia nyembamba pembezoni mwa mwamba inayoizunguka na kutokeza katika eneo linalofuata, Liurnia.

Ramani nayo haijatolewa bure. Mwanzoni ni karatasi tupu, lakini juu ya utupu huo kuna vialama vidogo vya mnara wa jiwe, na kila mnara ndipo kilipo kipande cha ramani ya eneo lake. Yaani karatasi isiyoonyesha kitu inakuonyesha jambo moja tu: uende wapi ili ianze kuonyesha. Kipande kikipatikana, unachopata ni mchoro: msitu, magofu, barabara, madaraja. Alama za kazi hazimo. Mchoro huo unasomeka. Vile vishimo vyeusi vyenye ukingo wa rangi ya chungwa kandokando ya milima ni milango ya machimbo, na machimboni ndiko kunakopatikana mawe ya kunolea silaha. Hakuna mtu anayekuambia. Unakigundua kishimo cha kwanza kwa miguu, unarudi kwenye ramani, unakiona cha pili, na kuanzia hapo ramani imekuwa yako kwa namna nyingine.

Kuna ujanja mwingine kwenye ramani hiyo ninaousifu kuliko yote. Mwanzoni haikuruhusu kuitazama nchi nzima. Mipaka yake hutanuka kadiri unavyofika mbali. Hivyo mtu anaamini kwamba Limgrave ndiyo dunia. Karibu na ziwa Agheel kuna magofu yenye chumba cha chini, na chumbani mna sanduku. Ukilifungua, moshi unakumeza na unazinduka ndani ya machimbo ya fuwele, miongoni mwa viumbe wanaokuzidi nguvu mbali. Uwezo wa kujihamisha kwa ramani haufanyi kazi humo, mpaka utoroke kwa miguu. Ukitokeza nje, anga ni jekundu, ardhi imeoza, na ukifungua ramani unajiona uko mashariki kabisa, gizani, mbali na kila kitu ulichokijua. Nukta moja kwenye karatasi imekuambia ukubwa wa dunia.

Mfano ulio bora wa mbinu nzima uko Liurnia, kwenye chuo cha Raya Lucaria. Lango la chuo limefungwa kwa uchawi na linahitaji ufunguo. Hapa magemu mengi yangewasha alama kwenye ramani, mchezaji akaifuata akiwa anawaza mambo mengine. Elden Ring imeweka maiti karibu na lango, na kwenye maiti hiyo kuna mchoro wa sehemu fulani ya ziwa iliyotiwa alama. Mchoro hauna jina la mahali. Unalazimika kuushika huku, ramani yako kule, ukafananisha maumbo ya ardhi hadi ugundue kwamba ni upande wa magharibi wa chuo. Ukifika unamkuta joka Smarag amelala, na ufunguo uko nyuma yake. Si lazima umuue. Unaweza kuinama, ukanyata, ukauchukua na kukimbia. Kazi yote hiyo ni ya kuleta ufunguo, ambayo katika gemu jingine ingesahaulika jioni hiyohiyo. Hapa inakumbukwa kwa sababu macho yalifanya kazi.

Lakini mbinu hii ingekuwa mateso kama gharama ya kukosea ingebaki kubwa. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, ya waundaji haohao, hapakuwa na ramani kabisa, na uwezo wa kujihamisha kutoka kituo hadi kituo ulikuja safari ikiwa imekwenda mbali. Nchi ile ilikuwa imebanana, kwa hiyo iliwezekana. Kwa nchi pana kama ya Elden Ring mtu angechoka akaacha. Waundaji wakampa mchezaji farasi, Torrent, anayeruka mara mbili hewani na kupanda majabali kwa pepo zinazovuma kutoka ardhini. Wakamruhusu kujihamisha akiwa popote nje, mradi hayumo vitani. Wakasimamisha nguzo za Marika karibu na mabosi ili aliyekufa afufukie jirani. Adhabu ya zamani bado ipo, runi zako, yaani fedha ya gemu hili, hubaki ulipoanguka na ukifa tena kabla ya kuziokota zimekwenda. Ila sasa njia ya kuzifuata ni fupi. Ndiyo maana mtu anathubutu kuingia pango asilolijua.

Ni gemu linalodai muda wa mtu, na hilo linawagusa vijana wetu wanaocheza kwenye vibanda vya PlayStation, ambako unalipia muda na mwenzako anasubiri zamu. Kibanda kimejengwa juu ya mechi ya mpira inayoisha. Kupanda farasi robo saa ukitazama milima hakuingii humo kirahisi, na maandishi yake mengi hayapatikani kwa Kiswahili. Ni hasara, kwa kuwa lugha kubwa ya gemu hili ni ya macho.

Udhaifu wake unaonekana safari ikielekea mwisho. Makaburi ya chini ya ardhi ni mengi, na milango yake inafanana. Mwanzoni mfanano huo ni msaada, maana unajifunza kuutambua mlango kutoka mbali. Baada ya kumkuta mlinzi yuleyule mwenye sura ya paka wa jiwe mara kadhaa, mlango uleule unakuwa taarifa ya kilichomo kabla hujaingia. Alama iliyokufundisha kutafuta imegeuka kuwa sababu ya kupita. Kule kwenye milima ya theluji ya Mountaintops of the Giants hali ni mbaya zaidi: nchi ni pana, vitu ni vichache, na mabosi kadhaa tumeshawaona.

Kasoro nyingine ilihusu watu. Wahusika wenye visa vyao, kama vile Alexander, chungu kinachotembea, huhama bila kuaga. Toleo la kwanza halikuonyesha walipo, na visa vingi vilikatika mikononi mwa wachezaji. Sasisho namba 1.03 la Machi 2022 likaanza kuweka alama ya mhusika kwenye ramani ukishakutana naye. Wapo walioona ni kulegeza kamba. Mimi naona ilikuwa sahihi: mlima haukimbii, hivyo ardhi inaweza kukuelekeza mlimani, ila haina namna ya kukuelekeza kwa mtu anayehama.

Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree ya tarehe 21 Juni 2024, inaonyesha kwamba waundaji waliyaona haya. Nchi mpya ni ndogo kuliko ile ya kwanza, makaburi yamepungua na yamekuwa makubwa, na nguvu za mchezaji zimefungwa kwenye vipande vya mti wa Scadutree vilivyotawanywa nchini, vingi kando ya misalaba ya mhusika Miquella. Anayetembea ndiye anayepata nguvu. Tatizo limehamia kwenye karatasi. Katika gemu la kwanza, ukishuka kwa lifti ndefu ya msitu wa Mistwood hadi mto Siofra, ramani hufungua ukurasa wa pili kwa ajili ya nchi ya chini. Nchi ya nyongeza imepangwa tabaka juu ya tabaka, mabonde chini ya madaraja na tambarare juu ya mapango, na yote yamechorwa kwenye ukurasa mmoja. Cerulean Coast inaonekana wazi kusini, lakini njia yake inashuka kupitia bonde la mto Ellac, na mchoro hauonyeshi kipi kiko juu na kipi kiko chini. Ukurasa wa pili ulishabuniwa miaka miwili kabla. Ulihitajika hapa kuliko hata kule Siofra.