Kiingereza cha Nani?

Miongoni mwa kasumba tulizorithi imo hii ya kumkata alama mwanafunzi aandikaye "color" mahali pa "colour", kana kwamba Waingereza peke yao ndio waliokabidhiwa lugha hiyo. Wamarekani walikwisha kujiwekea kawaida zao tangu zamani. Kamusi kuu ya Noah Webster ilitoka mwaka 1828.

Hebu tuingie gereji ya Igogo, kata ya Mwanza iliyo kando ya Ziwa. Fundi hushika spana, hufunua boneti, hutoa tairi ndani ya buti, naye dereva wa lori huulizia petroli. Maneno yote hayo yana asili ya Uingereza. Mmarekani angesema "wrench", "hood", "trunk", "truck" na "gasoline". Hatukuyapokea kwa ubora wake, bali yalikuja na utawala uliotushika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1961, kama Wajerumani kabla yao walivyotuachia "shule". Kiswahili kiliyavika irabu zake, kikayamiliki.

Katika sarufi, hata hivyo, hatuegemei upande mmoja. Mwingereza aliyetoka kula husema "I have just eaten". Mmarekani huridhika na "I just ate". Sisi husema "nimekula sasa hivi", wala hatusemi "nilikula", kwa maana -me- na -li- kwetu zina kazi mbalimbali. Hapo tumekaribiana na Mwingereza. Lakini huyo huyo aweza kusema "the government have decided", kwa wingi, nasi twasema "serikali imeamua", kwa umoja, kama Mmarekani. Watangazaji wa mpira, ambao hawamwogopi mwalimu yeyote, husema "Pamba wamefunga", na Kirumba nzima huelewa.

Sisemi kwamba kila kitu ni sawa. Aandikaye "colour" katika mstari wa kwanza na "color" katika mstari wa tano amekosa utaratibu, na aambiwe hivyo. Lakini aliyeshika njia moja hadi mwisho ana kosa gani? Alama hizo ndogo ndogo zaweza kumfungia kijana mlango wa kidato cha tano. Naye mhakiki aichekaye "gotten" na kuiita lugha ya wahuni yampasa ajue kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wakiitumia. Wao wakaiacha, Wamarekani wakaitunza.