Polisi yenye bidonda

Bandugu ba chama, leo nasema juu ya polisi. Si ile ya barabarani: polisi ya maandishi, ile tunachagua mu kompyuta mbele ya kutoa afishi. Kuna aina moja tunaipenda sana: nene, kubwa, yenye mikwaruzo ndani, sawa ukuta wenye rangi inabambuka. Konseri, kanisa, karamu ya bafinaliste: paka ile.

Hata miye naipenda. Inakamata macho toka mbali. Na mikwaruzo yake iko na kwao. Mu 1827, Darius Wells wa New York alipata mashine ya kukata herufi za mbao kwa wingi, na afishi kubwa-kubwa zikaenea. Mbao ikizeeka inakwaruzika, wino haishike fasi yote. Kidonda ile ilikuwa ya kweli, ya kazi.

Huku kwetu Katanga tuna burashi. Tshibumba Kanda-Matulu, mu 1973 na 1974, alichora historia ya inchi mu picha karibu 100, na maneno aliandika palepale juu ya picha. Herufi ya burashi haijirudie: mukono inachoka, rangi inapunguka.

Sasa andika LUBUMBASHI na polisi ile ya kompyuta. Angalia B mbili: kidonda moja, fasi moja. U mbili, vilevile. Hapo njo uongo inatoka. Polisi zenye zilitengenezwa muzuri ziko na B mbili-tatu tofauti, lakini ile ya bure tunachukuaka mara mingi haina.

Lakini hayo ni mambo ya macho tu. Yenye kunifanya niandike ni ingine. Mbele ya mvua, tulitoa karatasi ya mahindi kwa bamama ba mashamba. Polisi, ni miye njo nilichagua, hapa Makomeno, usiku, na haraka. Juu niliweka PANDA MAPEMA: nzuri kabisa. Kisha niliacha hata namba mu polisi ileile, ndogo-ndogo, tukafanya fotokopi ya fotokopi. Mama mumoja akaniuliza:

«Mutoto yangu, sentimita 8? Mbegu yangu itatoka kweli?»

Ilikuwa 3. Wino ilijaza matundu, 3 ikafunga mudomo. Mu udongo nzito, mbegu ukiizika sentimita 8, ingine inachoka mbele ya kuona jua. Nilisikia haya. Yeye aliuliza, benye hawakuuliza, sijui walipanda namna gani.

Njo hukumu yangu: polisi ile ni ya neno moja ao mbili, kubwa, mutu asome akipita. Namba, tarehe, bei, kipimo cha dawa, biwekee herufi safi. Na mbele ya kugawa karatasi, fanya fotokopi mara mbili, mupe mama mumoja, umuombe asome namba kwa sauti. Akisita, rudi ku kompyuta.