Je, Kujitambua Kuna Mwisho?

Katika midahalo na mitihani ya shule zetu za sekondari limezoeleka swali hili: je, mhusika fulani amefaulu kujitambua, au hakufaulu? Mwanafunzi hujibu ndiyo au la, akataja matukio mawili matatu, akapata alama zake. Hatuna ugomvi na mtihani, maana mtihani hauna budi kuuliza jambo linaloweza kujibiwa kabla kengele haijalia. Lakini swali lenyewe limebeba dhana ambayo yafaa ichunguzwe kabla haijaota mizizi vichwani mwa vijana, nayo ni dhana kwamba kujitambua ni kituo, mfano wa stesheni ya gari moshi, ambapo mtu hushuka na mizigo yake na safari ikawa imekwisha. Tunataka kuipima dhana hiyo kwa vitabu ambavyo walimu wengi wanavijua, hasa vya waandishi wawili, Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Lakini kwanza tupite kwa mzee mmoja aliyewatangulia wote wawili.

Mzee huyo ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, shairi la mwanzo wa karne ya 19. Maana ya jina la shairi ni kufunuliwa, yaani kuondolewa utando uliofunika kitu kisionekane. Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka. Majumba ya matajiri yalikuwa magofu, na mahali palipokuwa na taa na wageni palikuwa na popo na majani. Mbele ya magofu hayo mshairi hamhutubii sultani wala jirani, bali anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauhoji na kuukemea, anauonyesha magofu, kisha anauhoji tena. Mashairi marefu mengi ya pwani hufungwa kwa dua na jina la mtunzi, msomaji akajua kuwa mlango umefungwa. Al-Inkishafi, katika nakala zinazosomwa sana, haliishi hivyo. Linaishia katika kuzitaja tabaka za Jahanamu, wala hatuambiwi kwamba moyo sasa umetii. Sisi twaona kuwa hapo ndipo penye nguvu ya shairi. Mtu anayeusema moyo wake hawezi kuapa kwamba umesikia, na kesho itambidi auseme tena.

Sasa tushuke pwani kutoka Pate hadi Tanga, na tuingie katika karne ya 20. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akafanya kazi ya ukarani kwa zaidi ya miaka thelathini: forodhani, katika idara ya wanyama pori, katika ofisi ya wilaya na katika ofisi ya upimaji ardhi. Jambo hili la ukarani wahakiki hulitaja upesi, wakakimbilia falsafa yake. Sisi ambao tumekula mkate wa serikali tungependa walikawilie kidogo. Karani ni mtu ambaye maisha yake huandikwa na wengine. Ofisi huwa na jalada lenye jina lake, na ndani yake mna tarehe ya kuajiriwa, uhamisho, likizo, ripoti ya mkubwa wake, na mwisho tarehe ya kustaafu. Siku hiyo ikifika, jalada hufungwa. Kwa mtazamo wa ofisi, mtu huyo amekwisha kujulikana.

Katika mazingira hayo mtu huyu, ambaye jalada lake liliandikwa na wageni, alikaa akaandika habari zake kwa mkono wake, kwa lugha yake. Maisha Yangu kilichapishwa mwaka 1949. Anayekitafuta humo mtu aliyejifungia chumbani akijichungulia nafsi hatampata. Atamkuta mume anayemlilia mkewe Amina, baba anayemwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na mtumishi anayehamishwa huku na huku. Kila mahali anajiona katika wajibu wake kwa mtu mwingine. Utenzi aliomwandikia binti yake watuambia habari za baba kama zile za binti, kwa kuwa anayetoa usia huonyesha anachokithamini na anachokiogopa.

Wako wanaolalamika kwamba katika kitabu hiki Shaaban Robert amejificha; kwamba amejivika adili kama kanzu iliyopigwa pasi, na hatuioni jasho. Lawama hii si ya bure. Ziko kurasa ambamo mwandishi ni mwema mno, maneno yake yamelainishwa mno, na msomaji kijana aweza kudhani kwamba mtu huyu alizaliwa akiwa amekwisha kufika. Laiti angeturuhusu kumwona akishindwa mara moja au mbili bila ya kuhitimisha kwa hekima, kitabu kingekuwa na joto zaidi. Tunalisema hili kwa heshima yote, tukijua kwamba wapo watakaotukunjia uso.

Hata hivyo umbo la kazi yake lilimfichua pale ambapo sentensi zake zilimficha. Kama habari za maisha zilikuwa zimekamilika katika Maisha Yangu, kwa nini aliandika tena? Alipotimiza umri ambao makarani wengi huanza kuhesabu siku za kiinua mgongo, alishika kalamu akaandika sehemu ya pili, akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Tulitazame jina hilo. Ni jina la mtu aliyefika mahali alipodhaniwa kuwa atapumzika, akaona kuna njia mbele yake. Sehemu zote mbili zilitolewa pamoja kuwa kitabu kimoja mwaka 1966, miaka minne baada ya kufa kwake. Mwanafunzi anayekisoma leo hupita kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa kufunua ukurasa tu, asijue kwamba kati ya ukurasa huo na ule ilipita miaka mingi, na kwamba katika miaka hiyo nchi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwandishi aliyeanza kujieleza akiwa raia wa nchi iliyotawaliwa alikufa Juni 1962 katika nchi iliyokuwa huru kwa nusu mwaka. Mtu wa 1949 na mtu wa 1962 hawakuweza kujieleza kwa maneno yale yale, maana wajibu wao haukuwa mmoja. Kama mtu hujiona katika wajibu wake, na wajibu hubadilika, basi hesabu ya nafsi haina budi kufanywa upya. Hili ndilo jibu la kwanza tunalolipata kuhusu mwisho wa safari, na limetolewa na mtu ambaye kwa mwonekano wa nje alikuwa mtulivu kuliko waandishi wetu wote.

Kichwamaji cha Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974, inatupeleka Ziwa Viktoria kutoka pwani, na kutoka kwa karani hadi kwa msomi. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliye likizoni. Tunamkuta mwanzoni katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya akitafuta kazi ya muda, na Mkuu huyo ni Manase, rafiki yake wa utotoni. Kutoka hapo mambo yanaanguka kama mawe mlimani: Manase anamharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto, vifo vinafuatana nyumbani, Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase, mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, wala haishi. Mwisho Kazimoto anajiua.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na walimu. Imekuwa desturi katika baadhi ya madarasa kufundisha kwamba kifo cha Kazimoto ni kilele cha kujitambua kwake. Kwamba aliuona ukweli wa maisha hata ukweli huo ukamshinda kubeba. Husemwa kwa namna ya kusifu, kana kwamba waliobaki hai ni wale wasiofikiri. Vijana wa miaka kumi na saba huyasikia maneno haya, na miongoni mwao huenda wamo wenye msiba nyumbani au wenye giza moyoni ambalo hawajamwambia mtu. Sisi twaona kwamba tafsiri hii ni mbaya kwa ajili ya vijana hao, na zaidi ya hayo si sahihi kwa kitabu chenyewe.

Tukisome kitabu jinsi kilivyo. Kazimoto ni stadi wa kuuliza. Anauliza habari za Mungu, za elimu, za ndoa, za maana ya kuishi, na maswali yake ni ya haki. Hatutaki mwalimu ayazime kwa kusema kwamba ni ya kizungu. Lakini mara nyingi Kazimoto hujiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Wazee wa kijijini kwake ni watu wa kutazamwa, pengine wa kuchekwa. Ni nadra kuwa watu wa kuulizwa. Sabina anaishi naye nyumba moja, na riwaya inasimuliwa kwa kinywa cha mumewe, hata msomaji akifunga kitabu hajui vizuri Sabina alikuwa akifikiri nini. Linganisha na yule karani wa Tanga ambaye hakuweza kujieleza bila ya kumtaja Amina. Kazimoto anaitafuta nafsi yake mahali ambapo watu wengine wamekwisha kuondolewa, na haishangazi kwamba anakuta patupu.

Kwa hiyo hatukubali kwamba alifika. Alikata shauri kwamba amefika, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu aliyepotea msituni akakaa chini akasema hapa ndipo nyumbani, hajawa nyumbani kwa sababu amesema hivyo. Pia hatuna budi kusema kwamba mkono wa mwandishi unaonekana wazi mno katika msiba huu. Dada, mama, mtoto: mapigo yanapangwa kwa haraka hata mhusika hapewi nafasi ya kuvuta pumzi. Sehemu ya mwisho ya riwaya ina haraka ya mwandishi kijana aliyetaka kuthibitisha hoja. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944. Kitabu kilipotoka hajafika hata miaka thelathini na moja.

Je, yeye mwenyewe aliamini kuwa Kazimoto amelijibu swali? Ushahidi ulio mzuri ni yale aliyoyaandika baadaye. Mwaka 1988 alitoa diwani aliyoiita Karibu Ndani, jina ambalo laweza kuwa la mwenye nyumba akimwita mgeni au la mtu akijiita mwenyewe. Mwaka 1990 ikatoka Nagona, na mwaka 1991 Mzingile. Wasomaji wengi walizilalamikia riwaya hizi mbili kwamba hazieleweki, na hatutajifanya kwamba ni nyepesi. Hata sisi tuliokaa nazo miaka mingi tunakwama mahali pengi. Lakini jambo moja lililo juu ya meza haliwezi kupingwa: zote mbili ni habari za mtu anayetembea. Katika Nagona msafiri anakitafuta kitovu cha mambo, akapita katikati ya wanafalsafa waliokufa zamani. Mzingile, kwa jina lake, ni njia zinazojizungusha zikampoteza apitaye. Mwandishi aliyemwua msafiri wake mwaka 1974 anamwinua tena baada ya miaka kumi na sita, anamvua jina na cheo na Chuo Kikuu, na kumrudisha njiani. Kama swali lingekuwa limejibiwa katika Kichwamaji, kazi hiyo ya pili ingekuwa ya nini? Tena alitoa diwani nyingine, Dhifa, mwaka 2008, akiwa ametimiza zaidi ya miaka sitini. Alifariki Januari 2020.

Waandishi hawa wawili hawafanani kwa imani wala kwa mtindo, na tumewahi kusikia watu wakibishana kana kwamba lazima mmoja wao atupwe ili mwingine asomwe. Shaaban Robert anaanza na hakika, Kezilahabi anaanza na shaka. Hata hivyo kila mmoja alirudi kwenye karatasi baada ya kuonekana kuwa amemaliza, na jambo hilo halionekani ukisoma kitabu kimoja kimoja. Ndiyo maana twaona ni hasara kwamba Kichwamaji hufundishwa peke yake, na Baada ya Miaka Hamsini hupewa kipindi cha mwisho wa muhula, wakati ambapo wanafunzi wamekwisha kuanza kufunga masanduku yao.

Tungependekeza kwa walimu wenye nafasi kwamba vitabu hivyo viwili visomwe kwa wiki zile zile. Mwanafunzi asiulizwe kama Kazimoto alijitambua. Apewe kazi ya kuandika kurasa mbili ambazo Kazimoto angeziandika kama angefikisha umri wa miaka hamsini: angesema nini juu ya Rukia, juu ya wazee aliowacheka, na Sabina angekuwa na lipi la kuongeza pembeni mwa ukurasa.